Sura ya Saba: Gari Aliloacha Marehemu

Katika miji midogo iliyo chini ya Milima ya Pare, kando ya barabara kuu itokayo Same kwenda Mwanga na Moshi, ni jambo la kawaida kukuta gari kuukuu limesimama uani kwa miaka, boneti imefungwa kwa waya na ekseli zimeinuliwa juu ya mawe. Lembeni ni mmoja wa miji hiyo, na mara nyingi gari la namna hiyo ni Land Rover au Peugeot iliyoachwa na mzazi aliyefariki, ambayo watoto hawakuthubutu kuiuza wala hawakupata uwezo wa kuitengeneza. Sura hii inachunguza uamuzi huo, na hoja inayotetewa ni kwamba swali la kuuza au kufufua gari la urithi linapaswa kuja la tatu. La kwanza ni kujua gari ni la nani kisheria, na la pili ni kujua hali yake ya kweli, hasa ile isiyoonekana kwa macho ya kupita. Familia inayoanza na swali la tatu hujikuta imetumia fedha kabla ya kujua imezitumia juu ya nini.

Namna magari hayo yalivyofika Upareni inaeleza kwa nini yana uzito mkubwa ndani ya familia. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na stesheni za tambarare, Lembeni ikiwamo, zikawa mahali pa kushushia na kupakilia mizigo, lakini reli haikupanda mlima. Kilomeni, Usangi na Ugweno upande wa kaskazini, pamoja na Mbaga, Gonja, Mamba na Chome upande wa kusini, viliendelea kufikiwa kwa miguu mpaka barabara za udongo zilipochongwa kwenye miteremko, na hata baada ya hapo barabara hizo zilipitika kwa shida wakati wa masika. Gari lililozimudu lilikuwa lile lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne, na kwa miongo kadhaa gari hilo lilikuwa Land Rover, iliyooneshwa hadharani mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi Aprili 1948 na kutengenezwa Solihull, Uingereza. Toleo la pili, yaani Series II, lilitoka mwaka 1958, likafuatwa na Series IIA mwaka 1961 na Series III mwaka 1971. Na katika matoleo hayo yote, gari lililozoeleka zaidi vijijini lilikuwa lile refu liitwalo 109, jina linalotokana na umbali wa inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Serikali, misheni na mashamba ya mkonge waliyatumia magari hayo mpaka yalipochakaa, kisha wakayapiga mnada, na kwa mnada huo mwalimu, mfanyabiashara wa duka au mkulima wa kahawa aliweza hatimaye kumiliki gari.

Peugeot ilikuja kwa njia nyingine. Aina ya 404 ilizinduliwa mwaka 1960 na 504 mwaka 1968, na sifa yake ya uimara ilijengwa kwenye barabara zilezile za Afrika Mashariki: Bert Shankland na Chris Rothwell, waliokuwa washindani kutoka Tanzania, waliibuka washindi wa mashindano ya East African Safari mwaka 1966 na tena mwaka 1967 wakiendesha Peugeot 404. Kijana aliyesikia matokeo hayo redioni na baadaye akapata mshahara wa kutosha alijua gari analolitaka.

Hata hivyo kulitaka gari na kulipata yalikuwa mambo mawili tofauti. Baada ya bei ya mafuta kupanda ghafla mwaka 1973, na fedha za kigeni zikiwa adimu, kuagiza gari jipya kwa mtu binafsi kulikuwa karibu na muhali. Katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979 magari mengi ya raia na mashirika yalichukuliwa na serikali ili kubeba askari na vifaa. Mlango ulianza kulegea mwaka 1984, wenye fedha zao za kigeni waliporuhusiwa kuagiza bidhaa kutoka nje, na miaka iliyofuata ndipo magari yaliyotumika kutoka Japani yalipoanza kujaa barabarani. Kwa hiyo Land Rover iliyokuwa Lembeni mwaka 1980 haikuwa chombo cha mwenye nyumba peke yake. Iliwabeba wajawazito na wagonjwa kwenda Same, au Moshi kwenye hospitali ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971, ilipeleka kahawa chamani, ilisindikiza maharusi, ilirudisha majeneza nyumbani. Anayeona kwamba watoto wa marehemu wanalionea gari bovu huruma isiyo na maana hajui ni kaya ngapi katika kijiji hicho zina deni la shukrani kwa chombo hicho.

Huruma hiyo lakini haijibu swali la umiliki. Mtu anapofariki, gari lake huingia katika mirathi, yaani jumla ya mali na madeni aliyoyaacha, na hakuna mrithi mwenye mamlaka ya kuliuza, kulibadilisha injini au hata kulihamishia kwake, akiwa mtoto mkubwa ama mjane, mpaka mahakama itakapomteua msimamizi wa mirathi. Msimamizi ni mtu anayepewa na mahakama jukumu la kukusanya mali ya marehemu, kulipa madeni yake na kugawa kinachobaki kwa warithi. Kwa mirathi inayofuata sheria za mila au za Kiislamu, maombi hupelekwa kwa kawaida Mahakama ya Mwanzo, yakiambatana na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo kilichompendekeza mwombaji. Na kwa mujibu wa kanuni za mwaka 1971 zinazoongoza mahakama hizo, msimamizi anatakiwa ndani ya miezi minne awasilishe orodha ya mali kwenye Fomu Na. 5 na hesabu za mgawanyo kwenye Fomu Na. 6. Gari ambalo halikuandikwa kwenye orodha hiyo, kwa kuwa lilionekana chuma tu, ndilo huleta ugomvi siku mnunuzi anapotokea na bei nzuri.

Mnunuzi makini naye ataomba kuona barua ya usimamizi, kwa sababu Mamlaka ya Mapato Tanzania haiwezi kuhamisha umiliki kutoka kwa marehemu kwenda kwa mtu mwingine kwa makubaliano ya mdomo. Kadi ya gari, ambayo ndiyo hati ya usajili, itafutwe mapema, na namba ya chesesi iliyoandikwa humo ilinganishwe na ile iliyogongwa kwenye chuma chenyewe. Kwenye Land Rover za Series namba hiyo hupatikana mbele upande wa kulia, kwenye pembe ya chesesi inayoshikilia springi, mara nyingi chini ya tabaka la matope na grisi linalohitaji brashi ya waya na mafuta ya taa ili lifunguke. Kwa Series IIA na III, tarakimu tatu za mwanzo zinaonesha aina ya gari, kama lilikuwa refu au fupi, la petroli au la dizeli, na hivyo zinaweza kufichua mara moja kwamba gari lililodhaniwa kuwa limebaki kama lilivyotoka kiwandani lilishabadilishwa injini zamani.

Kuna jambo jingine la kisheria ambalo ukimya wake unaumiza. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, lililokusudiwa kuunganisha mila za makabila mengi ya Tanzania Bara, liliwaweka warithi katika madaraja matatu na kuwaacha mabinti katika daraja la mwisho, na mazoea ya namna hiyo bado yanasikika kwenye vikao, hasa mali inapokuwa gari, kitu kinachochukuliwa kuwa cha wanaume. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua, katika shauri la wajane wawili wa Tanzania, kwamba sheria hizo zinakiuka haki zao. Binti aliyemuuguza baba yake na mjane aliyeuza ng'ombe ili gari linunuliwe spea wana haki ya kusikilizwa juu ya gari hilo sawa na kaka aliyejifunzia udereva humo, na kikao kinachowasahau kinatenda dhuluma hata kama hakuna anayelalamika kwa sauti.

Likishajulikana la umiliki, linafuata la hali. Hapa mahali lilipokaa gari pana maana kubwa kuliko umri wake. Milima ya Pare huzuia pepo zenye unyevu zinazotoka Bahari ya Hindi, na mvua yake nyingi huishia upande wa mashariki na vileleni. Lembeni, iliyo kwenye tambarare ya magharibi, hupata mvua haba, na ukavu huo ambao ni adha kwa mkulima ni rafiki wa chuma. Gari lililosimama miaka ishirini Lembeni linaweza kuwa na chesesi nzima, wakati ndugu yake aliyesimama Tanga karibu na chumvi ya bahari, au Usangi penye ukungu, akawa ameliwa na kutu. Kinachoharibika Lembeni ni vitu vingine: mpira hukauka na kupasuka kwa jua, tairi likabaki na kashata nzuri huku mbavu zake zikiwa zimechanika, nyaya hugugunwa na panya, na nyigu hujenga vichuguu vya udongo ndani ya kabureta na bomba la moshi, udongo ambao ukivutwa ndani ya injini siku ya kwanza ya kuwashwa hukwaruza silinda na kuharibu kile kilichokuwa kizima.

Uzuri wa Land Rover, na pia mtego wake, ni kwamba bodi yake si ya chuma. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia chuma kilikuwa adimu Uingereza, kwa hiyo watengenezaji walitumia aloi ya alumini, yaani mchanganyiko wa alumini na madini mengine, kwa mabati ya nje, lakini chesesi, ambayo ni fremu inayobeba kila kitu, pamoja na ukuta unaotenganisha injini na dereva, zilibaki za chuma. Matokeo yake ni gari linaloweza kuonekana zima kabisa kwa nje wakati uti wa mgongo wake umeoza, na zaidi ya hapo, alumini inapogusana na chuma penye unyevu, moja huanza kuliwa kwa sababu ya mkondo mdogo wa umeme unaozaliwa kati ya metali hizo mbili. Kwa Peugeot, ambayo bodi yake ni ya chuma na ndiyo yenyewe inayobeba uzito, kutu inaonekana mapema zaidi, na inapofika sakafuni na kwenye vizingiti vya milango gharama huwa kubwa kuliko familia nyingi zinavyokisia.

Ukaguzi basi uanzie chini ya gari. Fundi mwaminifu hulala chali na nyundo ndogo na bisibisi kongwe, akagonga chesesi kuanzia mbele hadi nyuma, akisikiliza. Chuma kizima hutoa mlio mkali, kilichooza hutoa mlio mfu, na penye mlio mfu bisibisi husukumwa: ikizama, hapo pamekwisha. Sehemu za kushuku kwanza ni boriti ya nyuma ambayo matope ya magurudumu hujikusanya ndani yake, na mikono mifupi inayochomoza pembeni kubeba bodi. Chuma kilichobandikwa juu ya chuma kibovu na kuchomelewa, ambacho kimefichwa kwa rangi nyeusi, kihesabiwe kuwa tundu.

Injini hufuata, na sheria ya kwanza ni kutoiwasha. Kwanza plagi zifunguliwe na oili kidogo imiminwe katika kila silinda, ikae siku kadhaa, kisha injini izungushwe polepole kwa hendeli ya mkono. Land Rover za Series zilikuja na hendeli hiyo, na mkono wa fundi huhisi mara moja kama pistoni zimeganda au kama kuna silinda isiyo na mgandamizo. Petroli ya zamani imwagwe yote, kwani ikikaa miaka hugeuka kitu kama ulimbo. Upo pia mkasa usiofahamika sana: nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha kuuza petroli yenye risasi mwishoni mwa mwaka 2005, na injini nyingi za petroli za kabla ya hapo zilitegemea risasi hiyo kulinda viti vya valvu, yaani pete zinazokaliwa na valvu zinapofunga. Gari lililosimama kabla ya mwaka huo halijawahi kuonja petroli ya sasa, hivyo kichwa cha injini kikifunguliwa ni busara kukipeleka kwenye karakana yenye mashine ili kiwekewe viti vigumu.

Breki hazina mjadala. Land Rover nyingi za Series II na IIA zina mfumo mmoja wa mafuta ya breki kwa magurudumu yote, kwa hiyo mpira mmoja uliokauka ukipasuka breki zote huondoka kwa pamoja. Na mtu anayefikiri juu ya mteremko wa kutoka Kilomeni kuja Lembeni hahitaji maelezo zaidi. Mipira yote na mabomba yote yabadilishwe, hata yale yanayoonekana mazuri, kabla gari halijavuka lango la uani.

Hapo sasa ndipo swali la tatu linapofunguka, nalo lina njia zaidi ya mbili. Kufufua, kwa maana inayotumika hapa, ni kulirudisha gari katika hali liliyotoka nayo kiwandani, kwa vipande vya aina ileile na rangi ileile. Kukarabati ni kulifanya litembee na kufanya kazi, bila kujali kama injini ni ya Toyota au ya Isuzu. Kuhifadhi ni kulizuia lisiharibike zaidi, likisubiri uwezo au mnunuzi. Mkanganyiko kati ya hayo matatu umepoteza magari mengi mazuri. Familia husema inafufua, kumbe inakarabati: inang'oa injini ya asili ya petroli, inapandikiza ya dizeli, inatupa ile ya zamani, inabadili viti na taa, inapiga rangi ya kung'aa; gari linatembea vizuri, na thamani yake kwa mpenzi wa magari ya kale imekwisha, kwa sababu anachonunua mtu huyo ni asili inayothibitika. Hakuna kosa katika kukarabati kama gari litapanda mlima na tangawizi au ndizi na kurudi na saruji. Kosa ni kutupa kilichong'olewa. Injini ya awali, hata ikiwa imekufa, ipakwe grisi na kuwekwa stoo pamoja na kadi, risiti na picha zote za gari hilo.

Kosa jingine ni kuanza na rangi. Rangi huonekana, hufurahisha wageni wa Desemba wanaporudi nyumbani kutoka Dar es Salaam na Arusha, na huwapa ndugu imani kwamba kazi inaendelea. Lakini fedha ikishaishia kwenye rangi, chesesi mbovu hubaki mbovu chini yake. Wanauchumi huita fedha ya namna hiyo gharama iliyozama, yaani iliyokwishatumika na isiyorudi kwa uamuzi wowote ujao, na huonya kwamba isiwe sababu ya kutumia nyingine. Kaka anayesema kwamba haiwezekani kuacha sasa kwa kuwa milioni kadhaa zimekwisha kuingia anatoa sababu isiyohusiana na gari.

Kwa familia isiyo na fedha wala haraka, kuhifadhi ndiyo njia inayofaa zaidi, na hali ya hewa ya Lembeni inairuhusu. Gari liinuliwe juu ya mawe au matofali, wala si magogo, kwa kuwa mchwa hawatayaacha, betri itolewe, bomba la moshi na kabureta vizibwe kwa kitambaa chenye oili, paa la mabati lijengwe juu yake na pembeni pabaki wazi, kwa maana nailoni iliyofunikwa moja kwa moja hufuga jasho la usiku, na injini izungushwe kwa mkono kila mwezi. Gharama yake ni ndogo, na inazuia uamuzi wa pupa.

Pupa hiyo kwa kawaida huletwa na mnunuzi. Wa kwanza kufika ni mnunuzi wa chuma chakavu, anayelipa kwa kilo, na anayeitaka Land Rover hasa kwa ajili ya alumini yake, ambayo huyeyushwa na kumiminwa kuwa masufuria. Wa pili anatafuta spea: gia boksi, ekseli, milango. Wa tatu anatafuta gari lenyewe, na huyu hapatikani barabarani Lembeni. Yupo Arusha, ambako utalii umewalea mafundi wa Land Rover kwa vizazi na ambako Oktoba 2024 lilifanyika tamasha lililokusanya mamia ya magari hayo. Yupo Nairobi, ambako maonesho ya Concours d'Elegance yamekuwapo tangu mwaka 1970. Yupo Ulaya na Marekani. Katika nchi hizo umri unaliongezea gari hadhi: Uingereza husamehe kodi ya barabara kwa gari lililofikisha miaka 40, na Marekani huruhusu gari la miaka 25 kuingia bila kulazimika kutimiza viwango vya usalama vya magari mapya. Afrika Mashariki hutazama umri kinyume. Kenya hairuhusu kuagiza gari lililozidi miaka minane, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa lililochakaa. Sera hizo zina sababu zake, lakini zimewazoesha watu kuamini kwamba gari la zamani halina thamani, na dalali anayejua bei ya Ulaya hufaidika na imani hiyo. Msimamizi wa mirathi asikubali bei ya kwanza, na asiuze kabla ya kupeleka picha za chesesi, namba na injini kwa mafundi wawili au watatu wa Arusha wasio na nia ya kununua.

Kuuza hakumvunjii marehemu heshima. Gari lililokwenda kwa mtu atakayelitunza, kwa bei ya haki iliyogawanywa kwa warithi wote, limetendewa vyema kuliko lile lililoachwa lipukutike kwa jina la heshima. Wanaoamua kubaki nalo wana kazi ngumu zaidi, kwa sababu gari haligawanyiki kama shamba, na mapenzi ya ndugu watano hayalipi fundi. Makubaliano yao yaandikwe na kutiwa saini mbele ya mashahidi wa ukoo: nani anachangia na kiasi gani, nani anaishika kadi na nani funguo, kama gari litafanya kazi mapato yake yanaingia wapi, na anayetaka kujitoa atalipwa kwa hesabu ipi. Hili la mwisho ndilo husahaulika. Thamani ya gari ipimwe na kuandikwa kabla fundi hajafungua nati ya kwanza, nakala iwekwe pamoja na Fomu Na. 5, ili dada asiye na uwezo wa kuchangia ukarabati alipwe fungu lake kwa thamani ya siku ile, na kaka aliyechangia asije akadai baadaye kwamba gari zima ni lake.